Kutoka Handeni Hadi Korogwe Bila Kuvuka Kizingiti cha Ua

Katika kliniki za shinikizo la damu na kisukari, kila mgonjwa huulizwa kama anafanya mazoezi, na jibu aghalabu ni lile lile: "Najitahidi, daktari." Neno hilo halina urefu wala uzito. Halimwelezi daktari kama mgonjwa ametembea hatua mia mbili au elfu mbili, na mgonjwa mwenyewe, akisharejea nyumbani, halimwonyeshi pa kuanzia kesho yake. Makala haya yanaeleza njia moja ya kulitia neno hilo kipimo: shindano la mazoezi lililogawanywa katika sehemu, linalofanywa nyumbani, ambamo mshiriki husafiri umbali halisi wa kwenye ramani ilhali mwili wake haujatoka uani.

Vijana huliita chalenji. Mimi napendelea kuliita safari, kwa kuwa neno "changamoto" limekwisha kubebeshwa matatizo yote ya nchi hii, tangu mishahara hadi madaraja, na halina tena nafasi ya kubeba furaha. Mashindano ya jinsi hii yalikuwapo zamani kidogo, lakini yalienea sana wakati wa janga la UVIKO-19. Tarehe 4 Oktoba 2020, mbio ndefu za London ziliporuhusu wanariadha wateule peke yao kukimbia pamoja, maelfu ya washiriki wengine walikimbia kilomita zao 42 na ushei kila mmoja mtaani kwake, ndani ya saa 24, programu ya simu ikihesabu umbali. Watu 37,966 walitambuliwa kuwa wamemaliza, idadi iliyoingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Leo zipo kampuni zinazouza umbali: mtu hulipa ada, huchagua njia maarufu ya Ulaya au Asia, hutembea sebuleni kwake kidogo kidogo, na kila amalizapo sehemu hutumiwa picha ya mahali "alipofika". Mwishoni hupata medali.

Mtu wa Handeni hana haja ya kulipia Ukuta wa China. Barabara ya lami ya Handeni hadi Korogwe ina urefu wa kilomita 65 hivi. Inapita Misima na Sindeni, na wasomaji wengi wa huko wameipita mara nyingi kiasi cha kujua basi litapunguza mwendo wapi hata wakiwa wamefumba macho. Kwa mtu mzima mwenye hatua ya sentimita 70, umbali huo ni takriban hatua 93,000. Ni mrefu kiasi cha kuudai mwili kitu, na ni mfupi kiasi cha kumalizika kabla hamu haijaisha.

Miguu iliyopumzishwa

Kabla ya kuieleza safari yenyewe, ni haki kuuliza inamhusu nani. Wilaya hizi mbili hazikujengwa na watu waliokaa. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalikatwa kwa mikono, jani baada ya jani, katika zama ambazo nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, katikati ya miaka ya 1960. Handeni, kwa upande wake, ilisifika kwa uhaba wa maji. Mwanamke aliyetoka alfajiri kwenda bwawani na kurudi na ndoo ya lita 20 kichwani alikuwa amekwisha kufanya, kabla ya chai, kazi ambayo leo watu wa mijini hulipia fedha katika kumbi za mazoezi.

Hali hiyo inabadilika, na tunashukuru inabadilika. Bomba kubwa linaloyapeleka maji ya mto Pangani kutoka Korogwe hadi Handeni limekuwapo kwa miongo kadhaa, likihema na kusitasita, na mwaka 2022 Serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 ambao miji hii miwili imo ndani yake. Mashine ya kusaga imechukua nafasi ya kinu na mchi. Bodaboda imechukua nafasi ya miguu, hata kwa safari ya kutoka sokoni hadi msikitini. Sisemi ndoo irudi kichwani. Ndoo ile iliumiza shingo na viuno, ikala saa za mama na za mtoto aliyepaswa kuwa darasani. Nasema tu kwamba mwili ulikuwa ukipokea kitu pamoja na adha ile, na kitu hicho kimeondoka bila mtu kutangaza.

Kwa hiyo safari hii si ya kila mtu. Mkulima wa Sindeni aliyeinamia jembe msimu wa masika, akiambiwa na mtaalamu aliyeshuka garini kwamba afanye mazoezi, amedhihakiwa. Huyo ahimizwe kupima shinikizo la damu, kupunguza chumvi na kuacha tumbaku, aachwe na jembe lake. Safari hii ni ya karani, mwalimu, mwenye duka, fundi cherehani, dereva, mstaafu, na mama ambaye bomba limefika kwake na watoto wamekua. Aidha ni ya yule mkulima mwenyewe baada ya mavuno, miezi ambayo shamba halimwiti.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 miongoni mwa Watanzania wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja alikuwa na kisukari. Kukaa si chanzo pekee cha maradhi haya, lakini mchango wake umejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi mara kwa mara wakikata tiketi. Gari moja, hewa moja, mwajiri mmoja, lakini makondakta walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini zaidi, na yalipowapata hayakuwaua upesi kama yalivyowaua madereva. Kila nisimamapo stendi ya Korogwe na kuwaona vijana wakikimbilia madirisha ya mabasi na vikapu vya machungwa, huku dereva akiwa ameegemea usukani tangu Dar es Salaam, uchunguzi ule hunijia akilini. Namhofia dereva zaidi.

Kwa nini nyumbani

Tangu Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, miji mingi imepata vikundi vya kukimbia asubuhi. Vikundi hivyo vina faida kubwa, ila vina mlango mwembamba. Mwanamke anayetunza stara yake hapendi kuhema mbele ya umma. Mzee mwenye goti bovu huona haya kuachwa nyuma. Mwenye duka hufunga saa tatu usiku, na barabara kuu saa hiyo ni ya malori. Jua la Korogwe, chini ya milima ya Usambara, halimwoni mtu haya kuanzia saa nne asubuhi. Wote hawa wana ua, baraza, au angalau korido.

Na mwili hautofautishi. Moyo haujui kama mguu umekanyaga lami ya Sindeni au sakafu ya sebule. Unajua tu kwamba misuli inadai damu. Misuli inapodai, moyo husukuma, na damu ipitayo kwa kasi husugua kuta za ndani za mishipa. Kuta hizo hujibu kwa kutoa nitriki oksidi, gesi inayoilegeza mishipa ikapanuka. Jambo hilo likirudiwa siku baada ya siku, mishipa hujifunza kulegea. Kwa mtu mwenye shinikizo la juu, wiki kadhaa za kutembea kwa bidii hushusha kipimo kwa wastani wa milimita 5 hadi 8 za zebaki. Si muujiza, lakini ni kiasi kinachokaribia kile kinachotarajiwa kwa dawa moja. Upande wa kisukari mambo ni mazuri zaidi: msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu hata pale insulini inapokuwa imedhoofu, na uwezo huo hubaki kwa siku moja au mbili baada ya mazoezi. Ndiyo sababu twawasihi wagonjwa wasipitishe siku mbili mfululizo bila kutembea.

Sehemu tatu

Pima ua wako. Ukipata mita 12 na nusu kutoka mlangoni hadi ukutani, kwenda na kurudi ni mita 25, na mizunguko 40 ni kilomita moja kamili. Safari nzima ya Korogwe ni mizunguko 2,600. Asiye na futi ya kupimia atumie kamba ya dukani, au amwombe fundi seremala wa jirani.

Sehemu ya kwanza ni wiki mbili za kilomita moja kwa siku, yaani mizunguko 40, dakika 15 hivi. Utakuwa umefika kilomita ya 14. Wengi huona aibu kwa udogo wa kiasi hiki na hutaka kuongeza siku ya tatu. Wasiongeze. Moyo huzoea upesi, lakini kano, magoti na nyayo huzoea polepole, na anayeumia kisigino wiki ya kwanza aghalabu hatumwoni wiki ya tatu.

Sehemu ya pili ni wiki mbili za kilomita moja na nusu kwa siku. Hiyo ni mizunguko 60, dakika 22 au 23, na ukizidisha kwa siku saba unapata dakika 157. Hapa ndipo msafiri anapovuka mstari muhimu pasipo kuuona: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate walau dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwongozo huo uliondoa lile sharti la zamani kwamba dakika zihesabiwe kumi kumi mfululizo. Mizunguko 20 asubuhi, 20 baada ya chakula cha mchana na 20 baada ya kula usiku inatosha, na kwa mwenye kisukari mpango huo wa baada ya kula ndio bora, kwa sababu misuli huikuta sukari ikiwa ndiyo kwanza inaingia katika damu.

Sehemu ya tatu ni siku 15 za kilomita mbili, mizunguko 80 kwa siku. Siku ya 43 unaingia Korogwe.

Mwendo uwe upi? Mtaalamu hasiti kujibu: hatua 100 kwa dakika, au zaidi kidogo. Asiye na saa ajipime kwa mdomo. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni sawasawa. Ukiweza kuimba beti zote, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, punguza.

Watu huniuliza pia kuhusu zile hatua 10,000 kwa siku. Hesabu hiyo haikutoka maabara; ilitoka Japani mwaka 1965, jina la kifaa cha kuhesabia hatua ambacho kiliuzwa kwa maana ya "kipima hatua elfu kumi". Ni namba nzuri kwa biashara. Uchunguzi wa wanawake wazee 16,741 wa Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 72, uliochapishwa mwaka 2019, uliona kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi kwenye hatua 7,500, kisha ikatulia. Bibi anayezunguka ua wake asihesabu kwamba ameshindwa kwa kuwa hakufika elfu kumi.

Kutembea peke yake hakutoshi, ingawa ndiko kunakobeba safari. Siku mbili kwa wiki misuli nayo ipewe mzigo: kuketi na kuinuka kitini mara kumi bila kushika, kuusukuma ukuta kwa mikono miwili, kuinua dumu la lita 5 lenye maji. Mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea aongeze kusimama kwa mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na fremu ya mlango. Wazee wengi huvunjika nyonga kwa kuanguka ndani ya nyumba zao wenyewe.

Mwalimu na punje za mahindi

Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuja kliniki akiwa na kipimo cha 164 kwa 98, akinywa dawa zake kwa uaminifu. Binti yake aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyeanzisha safari ya Korogwe katika kundi la familia la WhatsApp. Binti atembee kwenye varanda ya ghorofa anakopanga, mpwa wa mwalimu atembee kwake Korogwe, na mwalimu atembee uani Handeni. Kila usiku kila mmoja aandike mizunguko yake. Mwalimu alikuwa na simu ya kitochi, hivyo alimtuma mjukuu kuandika kwa niaba yake kwa simu ya jirani. Kuhesabu alihesabu kwa punje 40 za mahindi, akihamisha moja kutoka bakuli hili hadi lile kila alipogeuka ukutani. Kuku, aliniambia, walimlazimu kuanza upya mara mbili.

Mwisho wa sehemu ya pili alirudi akiwa na 148 kwa 88, kwa dawa zile zile. "Mwanangu," akaniambia, "sikujua kama Korogwe ni karibu hivi." Nilimpongeza, nikamkumbusha dawa. Alitikisa kichwa kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi aliyekariri vizuri.

Kilichofuata hakikuwa cha kushangaza kwa mtu aliyefanya kazi katika kliniki hizi. Mwalimu alijihisi mzima. Miguu haikuvimba, usingizi ulirejea, na kwa hoja yake ya busara kabisa, mtu aliyepona haongezi dawa. Akaacha vidonge. Aliendelea kutembea, tena kwa furaha, mizunguko 80 kwa siku, na shinikizo likapanda kimya kimya chini ya furaha hiyo. Mazoezi yalimpunguzia sehemu ya mzigo. Sehemu nyingine ilikuwa imebebwa na vidonge, na sasa hapakuwa na wa kuibeba.

Hakuwa daktari aliyegundua, wala muuguzi. Alikuwa mpwa wake wa Korogwe. Usiku mmoja mizunguko ya shangazi haikuandikwa. Usiku wa pili haikuandikwa tena. Katika familia nyingine siku mbili za ukimya zisingekuwa habari, lakini katika kundi lile ukimya ulikuwa umeacha shimo katika hesabu, kati ya kilomita ya 53 na ya 55, na kila mtu aliliona. Mpwa alipiga simu kwa jirani. Mwalimu alikuwa amelala na kichwa kinachouma kisogoni, akidhani ni jua. Walimpeleka kituo cha afya kwa bajaji, na kipimo kilikuwa 182 kwa 112. Alirudishiwa dawa zake, akaangaliwa, akakatazwa kutembea kwa bidii hadi kipimo kishuke. Alifika Korogwe siku ya 52, akiwa nyuma ya wenzake siku tisa, na familia ikakutana kwa mpwa siku ya Jumapili. Medali ilikuwa sahani ya pilau, na mimi sikuulizwa maoni yangu juu ya mafuta.

Nimelisimulia tukio hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni dhahiri: kujihisi mzima si kipimo, na dawa ya shinikizo la damu hupunguzwa au kuondolewa na mtaalamu aliyeona namba za wiki kadhaa. Ya pili ndiyo inayonifanya niyatetee mashindano haya mbele ya wenzangu wanaoyaona kuwa mchezo wa wenye simu za bei kubwa. Watu hudhani nguvu yake imo katika ramani au medali. Kwa nilivyoona mimi, imo katika shahidi. Mtu anayetembea peke yake akiacha, hakuna ajuaye. Anayetembea na kundi akiacha, pengo lake lina namba. Kundi hilo halina haja ya intaneti kila saa. Ujumbe mfupi wa usiku unatosha, au chaki ukutani kwa majirani wanaoshiriki ua mmoja.

Simu na udanganyifu wake

Kwa wenye simu janja, programu za kuhesabu hatua ni msaada, mradi tujue zinavyofanya kazi. Ndani ya simu kuna kihisi kidogo kinachopima mtikisiko. Programu husoma mtikisiko unaofanana na mwendo wa binadamu na kuuhesabu kuwa hatua. Kwa hiyo simu iliyoachwa mezani haihesabu kitu, na simu iliyo mfukoni mwa abiria wa bodaboda kwenye barabara ya vumbi inaweza kumpa hatua ambazo hakuzipiga. Ifungwe kwenye pindo la khanga au iwekwe mfuko wa suruali. Kumpa mjukuu simu akaitikise huku babu akinywa kahawa ni jambo ambalo limekwisha kutokea, na shinikizo la babu halikudanganyika. Programu nyingi huhesabu hatua bila bando. Bando huhitajika wakati wa kutuma tu.

Asiyepaswa kuanza kesho

Wako ambao lazima wapite kwanza kwa mhudumu wa afya. Mwenye kipimo cha 180 kwa 110 au zaidi asianze safari; ashushiwe kwanza. Vivyo hivyo aliyewahi kupata maumivu ya kifua anapotembea, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni, na mwenye kuvimba miguu na kukosa pumzi akilala chali. Mwenye homa apime malaria, asitembee hadi apone. Mwenye selimundu anaweza kushiriki, ila kwa mwendo wa chini, kivulini, akinywa maji kabla hajasikia kiu, na ushauri wa kliniki yake utangulie. Mjamzito asiye na tatizo la ujauzito anaruhusiwa, na kutembea kunamfaa.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au kunywa glibenklamaidi aweke sukari au soda karibu na bakuli la punje. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka: asimame hapo hapo, anywe, apumzike. Asitembee peku hata kama ua ni wake na umefagiwa. Neva za miguu zikishakufa ganzi, mwiba mmoja usiosikika unaweza kuishia katika kukatwa kidole. Kila jioni azitazame nyayo zake, au atazamiwe. Anayetumia dawa za kukojosha atembee asubuhi mapema au jioni, maana joto na dawa hizo kwa pamoja humkausha mtu.

Maumivu ya kifua yanayobana kama kamba, yakielekea bega la kushoto au taya. Kukosa pumzi kusikopungua baada ya kuketi. Kizunguzungu cha kutaka kuanguka. Mdomo kupinda au mkono kulegea. Mojawapo likitokea, safari imesimama na inayofuata ni ya hospitali, usiku au mchana.

Siku ya 44

Faida ya mazoezi haiwekwi akiba. Wiki mbili hadi nne za kukaa zinatosha kuanza kuirudisha pumzi ya mtu ilikokuwa, na shinikizo la damu nalo hurejea. Mashindano mengi yana kasoro hii: yanamleta mtu kwenye mstari wa mwisho kisha yanamwacha hapo amesimama na medali mkononi. Napendekeza siku ya 44 msafiri ageuke. Kurudi Handeni ni kilomita 65 zile zile, na kwa mizunguko 80 ni siku 33. Anayechoka na njia hiyo ashike ya Handeni hadi Mkata, kilomita 54, akutane na barabara kuu.

Wakati wote huo apime shinikizo mara moja kwa wiki katika zahanati au kwa kifaa cha familia. Aketi dakika tano bila kuzungumza, miguu chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na asiwe ametoka kuzunguka ua wala kunywa kahawa. Achukue vipimo viwili vilivyoachana kwa dakika moja, aviandike vyote katika daftari moja na mizunguko ya siku hiyo, bila kuchagua kilicho kizuri. Daftari hilo liletwe kliniki pamoja na dawa zote anazotumia, zikiwa katika pakiti zake, hata kama nyingine hazijafunguliwa.